Mpima Uchachu wa Temeke

Mzee Mwishehe alipiga mbweu katikati ya dua, na mbweu yenyewe haikuwa ya siri. Ilianzia chini kabisa, ikasimama kidogo kifuani kama mtu anayepumzika kwenye ngazi, kisha ikatoka yote. Wazee waliokaa naye mkekani wakatazama mbele kwa adabu. Nassibu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango ili awe wa kwanza kuyaona masinia, alimtazama yeye. Aliona anavyosugua kifua kwa kiganja na kumeza mate kwa taabu. Aliona pia kanzu ya darizi, kofia mpya, na tumbo la mtu ambaye habari za mgao alizisikia kwa jirani tu.

Maana mgao ulikuwapo. Vita ya Hitla ilikwisha, lakini mjini Dar es Salaam mchele ulikuwa bado unapimwa kwa kibaba, watu wanapanga foleni toka alfajiri, na samli wengine walikuwa wanaikumbuka kama mtu anavyomkumbuka marehemu. Ndiyo maana Nassibu hakukosa maulidi yoyote kati ya Temeke na Kinondoni. Si kwamba alikuwa mcha Mungu kupita wenzake. Alikuwa na njaa, na maulidi yalikuwa na pilau.

Zamani hakuwa na njaa. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja huko Msasani, akafukuzwa kwa sababu ya bata. Bata aliingia jikoni mzima akafika mezani hana mapaja, na Nassibu alipoeleza kwamba bata wa nchi hii ndivyo walivyo, memsahibu, mke wa Mzungu huyo, hakuridhika.

Memsahibu huyo alikuwa mgonjwa wa tumbo. Daktari wake wa Ulaya alikuwa amemfundisha kwamba vyakula vyote vya dunia ni mafungu mawili: vinavyochachusha damu na vinavyoipoza. Nyama, mayai, jibini na mkate mweupe vilikuwa fungu la uchachu. Mboga za majani, matango na maboga vilikuwa fungu la kupoza. Kunde na jamaa zake walikuwa na kesi ndefu: zikiwa mbichi zinapoza, zikikauka zinachachusha, na choroko ikilowekwa mpaka ikachipua inasamehewa yote. Nassibu alisikiliza mafunzo hayo miaka miwili huku akila fungu la uchachu jikoni, na hakuwahi kuumwa hata siku moja.

Aliondoka Msasani na kitu kimoja zaidi. Memsahibu alipenda kabichi ya zambarau, ile inayoletwa kutoka milima ya Lushoto, ambayo watu wa Temeke walikuwa hawajaitia machoni. Siku moja Nassibu alimwaga maji yake kwenye beseni lenye magadi, yakageuka kijani kama jani la mgomba. Siku nyingine likadondokea tone la ndimu, yakawa mekundu kama damu ya kuku. Mpishi mwingine angeshangaa akaendelea na kazi. Nassibu alishangaa, akaitia habari hiyo akilini kama mtu anayefukia mtungi.

Sasa aliona mahali pa kuufukua. Masinia yalipokwisha, akamfuata Mzee Mwishehe nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama unauza kitu, sinunui."

"Siuzi. Nimekusikia tu pale ndani nikakuonea huruma. Kiungulia kinaanzia hapa, sivyo? Kinapanda mpaka hapa, na ukilala chali kinakukaba. Asubuhi mdomo una ladha ya chuma."

Mzee alisimama. "Nani kakwambia?"

"Mie nimefanya kazi na madaktari," alisema Nassibu, na huu haukuwa uongo mtupu. Daktari mmoja alipata kuja kula Msasani, na Nassibu ndiye aliyempakulia supu. "Damu yako imechacha, mzee wangu."

"Damu inachacha?"

"Maziwa yanachacha, tui linachacha, togwa inachacha. Damu ina nini hata isichache?"

Mzee akafikiri. Alikuwa mchuuzi wa mbuzi, tajiri wa mitaa mitatu, na kila siku mbuzi mmoja aliyekosa mnunuzi aliishia mezani kwake. Hoja ya togwa ilimwingia.

"Na dawa yako bei gani?"

"Sichukui hata senti."

Katika maisha yake yote ya biashara Mzee Mwishehe hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo. Akamshika Nassibu mkono mbele za watu, akamwita mwanangu.

Kesho yake Nassibu alifika nyumbani kwa mzee na kikapu. Alitandika kitambaa cheupe uani, akapanga vikombe vyeupe vya kauri, akatoa chupa ya maji ya zambarau. Alipoifungua, harufu ikatambaa uani. Maji ya kabichi yakikaa siku mbili hunuka kama soksi ya askari, na Nassibu alikuwa ameyatia karafuu, yakanuka kama soksi ya askari aliyetoka Unguja. Hakuna aliyecheka. Dawa isiyonuka, Temeke, haikuwa dawa.

Mke wa mzee, Bi Mwanaheri, alileta sampuli za kila kitu kilichomo ndani. Kwanza ilibidi mumewe afungue ghala, maana ufunguo ulikuwa kiunoni mwake mchana na usiku, na mchele wa kila siku alimpimia mkewe mwenyewe kwa kopo, akilisawazisha kwa kidole. Ghala lilipofunguka, Nassibu alichungulia. Magunia ya mchele. Madebe ya samli. Asali ya Tabora. Vita nzima ilikuwa imepita nje ya mlango ule bila kubisha hodi.

Ufundi wenyewe ulikuwa mdogo. Kwenye ukucha wa kidole gumba alikuwa amepaka ndimu, na chini ya ukucha mrefu wa kidole cha mwisho alikuwa ameshindilia magadi. Alichokitaka alikifinya kwa gumba akakitumbukiza. Asichokitaka alikisukumia kwa kidole cha mwisho.

"Nyama ya mbuzi," alisema, na kikombe kikawa chekundu.

"Lahaula!" alisema Mzee Mwishehe.

"Samli." Chekundu. "Mchele." Chekundu. "Asali." Hapo alikaza gumba, kikawa chekundu zaidi ya vyote, kwa sababu asali Nassibu aliipenda mno.

"Na mchicha?" aliuliza mzee kwa sauti ya yatima.

Kijani. Matembele, kijani. Mlenda, mnafu, majani ya maboga, kijani kitupu. Choroko iliyochipua, kijani. Bi Mwanaheri akaleta maharage makavu, na Nassibu akasita. Maharage hakuyapenda, lakini mshirika wake, Marselino wa Ilala, ambaye ndiye aliyekuwa na sufuria, aliyataka.

"Mekundu," akahukumu, yakawa mekundu.

"Kunde mbichi je?" aliuliza Bi Mwanaheri.

"Hizo ruhusa, mama. Bila chumvi."

"Na hivi vichachu tuvifanyeje? Tuwape kuku?"

"La hasha! Kuku atachacha, yai litachacha, kisha utavila mwenyewe, uchachu juu ya uchachu. Wala visitupwe jalalani, uchachu unarudi na upepo. Lazima viondoke kwa mkono wa mtu anayevijua." Akainamisha kichwa. "Nitavibeba mie. Ndiyo kazi yangu."

"Mungu akulipe," alisema mzee.

Bi Mwanaheri alikuwa anavitazama vidole vya Nassibu, na Nassibu alifurahi, akidhani mama wa watu amevutiwa na ufundi.

Kikapu kile kiliishia Ilala, kwenye hoteli ya Marselino. Hoteli ilikuwa kibanda cha makuti chenye mabenchi manne, na Marselino alikuwa mtu mpole kutoka Masasi aliyezungumza polepole, kana kwamba kila neno lilikuwa na kodi. Kwa sababu ya mgao, alikuwa akiwauzia makuli wa bandarini uji na muhogo. Sasa akaanza kuwauzia pilau. Mapatano yao yalikuwa rahisi: Nassibu analeta, Marselino anapika na kuuza, na Nassibu anakula mpaka ashindwe. Hakushindwa haraka. Alikuwa akikaa benchi la nyuma, paja la mbuzi mkononi, samli ikimtiririka kwenye kiwiko, akiwaombea wagonjwa wake maisha marefu.

"Siku moja wataamka," alisema Marselino.

"Wenye tamaa ya kuponywa bure hawaamki, Marselino. Wamelala fofofo."

Jambo ambalo Nassibu hakulitarajia ni kwamba mzee angepona. Mtu aliyekuwa akila mbuzi mchana na jioni, ukimpa mchicha na choroko mwezi mzima, tumbo lake litafanya nini? Likatulia. Mbweu zikakoma. Mzee Mwishehe akaanza kutembea kwa miguu mpaka mnadani, kanzu ikampwaya, akawa anasimamisha watu njiani kuwaeleza habari za damu yake. Alipotoka kuongea, watu wa Temeke wakaenda kumtafuta Mpimaji, na baada yao wakaja wa Kinondoni. Nassibu akaacha kikapu, akakodi mkokoteni. Alijifunza kutomchukulia maskini chochote, maana maskini hakuwa na chochote; lakini kila mwenye ghala alikutwa amechacha.

Hapo ndipo akaanza kuliwaza lile ghala lote.

"Mzee," alisema siku moja, akiangalia chini kama mtu anayeleta taarifa ya msiba, "umepona, lakini sina raha. Uchachu uliofungiwa ndani unamla mwenye nyumba polepole, hata asipouonja. Yale magunia yote, yale madebe. Yanakuvutia pumzi."

Mzee akashika kifua. Kifua kilikuwa kizima, lakini akakishika. "Tufanyeje?"

"Yatoke yote. Siku moja, mbele za watu, wasije wakasema umeibiwa."

Jasho lilimtoka mzee. Kutoa kikapu ni jambo moja, kutoa ghala ni jingine, na kwa mara ya kwanza Nassibu aliogopa kwamba amevuta kamba sana. Aliyemwokoa ni Bi Mwanaheri, aliyekuwa anachambua mchicha pembeni.

"Mume wangu," alisema, "harusi ya mwanetu Tabu iko karibu. Watu watakusanyika hapa hapa. Si ndiyo siku yenyewe? Tena nimesikia kwamba uchachu wa chakula kibichi unajificha. Mpaka kipikwe ndipo unapimika sawasawa. Sivyo, Bwana Mpimaji?"

Nassibu hakuwahi kulisikia jambo hilo, lakini aliwaza haraka. Chakula kilichokwisha kupikwa ni kuni zilizookolewa. Marselino angepokea pilau ya watu mia, moto, tayari kuuzwa.

"Kweli kabisa, mama," alisema. "Mama ana kipaji."

"Basi tupike vyote," alisema Bi Mwanaheri. "Wewe utapima. Vichachu utabeba, vizuri watakula wageni. Mchicha nitapika mwingi."

Mzee Mwishehe alimtazama binti yake Tabu aliyekuwa anapita na ndoo, akatazama ghala, akavua ufunguo kiunoni. Alimpa mkewe.

Siku ya harusi uani palijaa. Upande mmoja wanaume mikekani, wakiwemo watu wa bwana harusi waliotoka Kinondoni kwa matarajio makubwa. Upande wa pili, nyuma ya mapazia ya kanga, wanawake. Katikati, kwenye vivuli, masufuria yalikaa kama wazee wa baraza: pilau, mchuzi wa mbuzi, kuku wa nazi, maandazi ya samli, na pembeni kabisa, kwa unyenyekevu, mchicha na choroko. Nje ya ua Marselino alikuwa anangoja na mikokoteni miwili, amevua kofia.

Nassibu aliingia amevaa koti jeupe. Gumba lilikuwa na ndimu, ukucha ulikuwa na magadi. Alikaribishwa maji ya ukwaju, baridi, kutoka kwenye mtungi, akanywa glasi mbili kwa sababu kulikuwa na joto na kwa sababu yalikuwa ya bure. Kisha akakunja mikono ya koti.

"Ngoja!" alisema Mzee Mwishehe. Alikuwa amesimama na birika na beseni. Macho yalikuwa yamemlenga machozi. "Mtu aliyeniponya hagusi chakula cha harusi ya mwanangu kabla sijamnawisha kwa mkono wangu mwenyewe. Mke wangu kanikumbusha heshima hii."

"Hapana, mzee, mie nimeshanawa nyumbani..."

"Usinikatalie mbele za watu."

Akamshika mkono. Maji ya birika yalikuwa yamekamuliwa ndimu nyingi, kama desturi ya karamu yenye mafuta, na beseni lilikuwa na maganda yake. Mzee alimsugua kidole kimoja kimoja, akamchokoa kila ukucha kwa ganda la ndimu, kwa upole wa mama anayemwogesha mtoto. Nassibu aliona magadi yake yakielea ndani ya beseni.

"Pima sasa, mwanangu," alisema mzee.

Angeweza kujifanya anaumwa. Angeweza kuanguka. Baadaye alifikiria njia nyingi. Pale aliona macho ya watu wote, akachukua punje za pilau, akatumbukiza. Nyekundu. Hiyo ilikuwa sawa. Nyama, nyekundu. Maandazi, nyekundu. Watu wa Kinondoni wakaanza kunung'unika. Akafika kwenye mchicha, akaufinya kwa ncha kabisa ya kidole, pumzi ameibana.

Nyekundu.

"Jaribu choroko," alisema mtu.

Choroko, nyekundu. Mlenda, nyekundu kuliko nyama. Ikatoka sauti ya Bi Mwanaheri nyuma ya pazia.

"Shehe, samahani. Hivi uchachu uko kwenye sufuria au kwenye mkono? Wewe hujagusa kitu bado. Chota kwa kijiko, tuone."

Shehe wa mtaa akachota pilau kwa kijiko, akatia kwenye kikombe kipya. Maji yakabaki zambarau. Akachota nyama, yakabaki zambarau. Mchicha, zambarau. Shehe alikuwa mtu makini, akapima mpaka maandazi, na alipomaliza kupima andazi akalila lililobaki.

"Chakula hakina neno," alisema.

"Basi na Bwana Mpimaji ateme mate," ilisema sauti nyuma ya pazia, kwa huruma kubwa. "Tujue hali yake."

Nassibu akatema. Yale maji ya ukwaju, glasi mbili, yalikuwa bado ulimini. Kikombe kikawa chekundu hata watu wa mwisho mkekani wakakiona.

Wakati huo Nassibu alikuwa ameshapima umbali wa mlango. Alitarajia kelele, alitarajia viatu. Hakutarajia Mzee Mwishehe amkumbatie.

"Jamani!" mzee alilia. "Mnaona? Uchachu wangu, uchachu wenu, wa Temeke nzima, alikuwa anaubeba yeye! Kila kikapu alichotoa hapa kimeingia mwilini mwake! Na hakuchukua hata senti!"

Umati ulitoa sauti moja ya masikitiko. Wanaume wagumu, watu wa mnadani, wakafuta macho. Nassibu alifungua mdomo kukanusha, akaona kwamba kukanusha kuna maelezo yake, na maelezo yana polisi. Akaufunga.

"Sitakuacha ufe," alisema mzee. "Kwa dawa yako ile ile nitakuponya."

Walimpeleka kwenye chumba cha uani kilichokuwa cha kuwekea pumba za mbuzi, wakamtandikia kitanda kizuri cha kamba, wakafunga mlango kwa nje ili asije akashawishika. Kupitia dirisha lililokuwa na nondo, Nassibu aliona yote. Aliona sinia la kwanza likitua mbele ya watu wa bwana harusi. Aliona tonge la kwanza, mfupa wa kwanza. Alimwona Bi Mwanaheri akitoka nje ya ua na sufuria kubwa, akamkabidhi Marselino, wakasemezana kidogo. Marselino akainama kwa heshima, akageuza mikokoteni, akaondoka bila hata kuuliza mwenzake yuko wapi.

Yeye aliletewa bakuli la choroko. Bila chumvi.

Asubuhi Bi Mwanaheri alikuja dirishani na bakuli jingine. Uani wanawake walikuwa wanaosha masufuria na kuimba.

"Umeamkaje, Mpimaji?"

"Bi Mwanaheri, tuongee kama watu wazima. Ulijua."

"Toka siku ya kwanza. Mie napika miaka ishirini na tano. Mtu aje kwenye ua wangu na ndimu kidoleni, nisinuse?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Ghala lifungwe tena?" Akaweka bakuli kwenye dirisha. "Mume wangu si mtu mbaya, lakini alikuwa amepanga kumwoza Tabu kwa uji na tende. Nimemsihi mwaka mzima. Nimelia, nimenuna, nimerudi kwa mama yangu nikakaa. Hakuvua ule ufunguo. Ukaja wewe na soksi zako zilizotiwa karafuu, akauvua. Nikasema huyu kijana tumwache afanye kazi."

"Na Marselino?"

"Nilipita Ilala kwa shangazi yangu, nikanunua andazi. Samli yangu naijua, naipika na majani ya mchaichai. Nikamwambia Marselino achague: sufuria moja la pilau kwa halali, au nimwite mzee aje aonje andazi. Hakufikiri sana."

Nassibu alikaa kitandani. Kwa muda alimwangalia tu yule mama, kanga kiunoni, unga kwenye viganja, na kitu kama heshima kikamwingia, akakisukuma nje kwa sababu ya njaa.

"Kipande kimoja tu cha nyama, mama. Cha jana. Hata shingo."

"Mzee kakataza," alisema Bi Mwanaheri. "Anakupenda sana." Akaondoka.

Na kweli alimpenda. Mzee Mwishehe alikuja kila alasiri, akakaa nje ya mlango akimsomea dua, akamletea mnafu alioutafuta mwenyewe bondeni. Aliwaeleza wachuuzi wote wa mbuzi waliopita, wa Pugu, wa Kisarawe, wa mbali zaidi, juu ya mtu aliyejitoa mhanga kwa ajili ya matumbo ya wenzake. Nassibu alikonda. Akaanza kuota ndoto za mifupa. Akajaribu kumwambia mzee kwamba amepona, lakini mzee alikuwa na chupa ya maji ya zambarau iliyobaki, na kila mara Bi Mwanaheri ndiye aliyemletea mgonjwa maji ya kusukutua kwanza; na kikombe kila mara kilikuwa chekundu.

Chupa ilipokwisha ndipo akafunguliwa, kwa kuwa hapakuwa na kipimo cha kumzuilia. Mzee alimvisha kanzu, akamkumbatia, akamfungia kunde mbichi za njiani.

Alikwenda Ilala moja kwa moja. Marselino alimwona kutoka mbali, akafunika sufuria.

"Wateja wamesikia una uchachu," alisema polepole, kwa aibu. "Ukikaa hapa watahama. Samahani sana, ndugu yangu." Kinondoni mlango wa kwanza ulifunguliwa na kufungwa. Wa pili haukufunguliwa. Kwenye wa tatu mama mmoja alimpa matango kupitia dirishani, akimwombea kwa Mungu.

Nassibu akashika njia ya Pugu kwa miguu. Kule hakuna aliyemjua, alijiambia, na kule watu wana kuku. Alifika mchana wa siku ya pili, vumbi mpaka kwenye kope, akapiga hodi kwenye nyumba ya kwanza yenye moshi. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja, Gregori, mkata mkaa, Mkristo aliyehamia huko toka kusini, na mke wake Adelina. Walimwona alivyokonda, wakatazamana, na bila kuulizana Adelina akamkimbiza jogoo kuzunguka nyumba mpaka akamkamata.

Hakuna muziki uliomfurahisha Nassibu kama kelele za yule jogoo. Alikaa barazani, akanusa manyoya yakichomwa, akanusa kitunguu, akanusa nazi ikichemka. Machozi yalimtoka, akasingizia moshi.

"Sasa, mgeni," alisema Gregori, "jina lako nani?"

"Nassibu."

"Nassibu. Toka wapi?"

"Temeke."

Gregori akainua uso. "Nassibu wa Temeke? Si yule Mpimaji? Yule aliyemponya tajiri wa mbuzi?"

Na hapa, wasomaji, mtu mwenye busara angesema Nassibu ni wengi. Lakini Nassibu alisikia sauti ya mtu aliyeshangaa, na sauti hiyo tangu utoto ilimfanya akae wima. Aliona mkaa wa Gregori umepangwa magunia kwa magunia. Aliona mbuzi watatu nyuma ya nyumba. Njaa, dirisha la nondo, choroko, vyote vikamtoka akilini, akakohoa kidogo, akaweka mguu juu ya mguu.

"Ndiye mie," alisema.

Gregori alisimama. Wachuuzi wa mbuzi walikuwa wamepita pale juzi tu, wakakaa barazani hapo hapo, wakasimulia mpaka Adelina akalia.

"Adelina!" aliita. "Adelina, rudisha kuku! Ndiye yule maskini wa Mungu mwenye uchachu! Karibu tumwue mgeni kwa mikono yetu!"

"Nimepona," alisema Nassibu. "Mzee, nisikilize, nimepona kabisa..."

"Na ndivyo walivyosema," Gregori alimwambia mkewe kwa majonzi, "anajificha asiwape watu taabu."

Wakamletea mlenda, bakuli limejaa mpaka ukingoni, unavutika kama uzi, na kunde mbichi zilizochemshwa kwa maji matupu. Wao wenyewe, kwa heshima, walihamia ndani wakaegesha mlango, harufu ya kuku isije ikamdhuru. Nassibu akanawa. Akaukata mlenda kwa vidole, akameza tonge la kwanza, na kutoka ndani akamsikia Adelina akivunja mfupa wa paja.

"Kula, ndugu yangu, usione haya!" Gregori alipaza sauti, kinywa kimejaa. "Mlenda mwingine upo jikoni!"